Gunia likikataliwa, linarudi wapi?

Wadau, uzi wa leo ni mrefu kidogo. Vuta kiti.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa tatu, mama yangu alipakia magunia matatu ya mahindi kwenye pikapu ya jirani hapa Ndithini akaenda kuyauza. Mnunuzi akachoma gunia moja kwa bambo, akatoa punje za kujaza kiganja, akaingia nazo ndani. Baada ya dakika kama ishirini akarudi. "Mama, hii iko na aflatoksini. Imezidi." Mama akauliza imezidi kwa kiasi gani. "Imezidi tu." Karatasi ya majibu? Hakuna. Yale magunia mengine mawili hayakuguswa na bambo, lakini nayo yalirudi kwenye pikapu.

Usiku huo tulikula ngima. Unga ulitoka wapi? Mnajua ulitoka wapi.

Kila msimu wa kampeni, na kila bei ya unga inapopanda, mjadala huu hurudi. Upande mmoja unasema chakula chetu kimepimwa, kiko salama. Upande wa pili unasema serikali inalisha watu sumu, ama wafanyabiashara wanaileta kutoka nje. Halafu hatakosa mtu wa tatu wa kusema ati shida ni wakulima wenyewe, hasa sisi wa Ukambani, hatujui kukausha mahindi. Sitaji mtu wala chama, na sina haja, kwa sababu maneno hayo matatu huhama mdomo kutegemea nani yuko serikalini na nani yuko nje. Mimi nataka turudi nyuma tuone kipimo chenyewe kimekuwa kikienda wapi miaka hii yote, na hakijakuwa kikienda wapi.

Kwanza sumu yenyewe. Mwaka 1960 kule Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua. Wakaufuatilia hadi kwenye chakula chao, kilichokuwa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ndani yake kulikuwa na sumu inayotengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na jina aflatoksini likatokana na jina hilo la kuvu. Kwa Kiswahili tunaita sumukuvu. Haina ladha, haina harufu. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Na hapa ndipo wengi hukosea: kupika hakuiondoi. Unaweza kuchemsha isyo kutoka asubuhi hadi jioni, kuvu itakufa, sumu itabaki. Ukila nyingi kwa wakati mmoja ini linashindwa kazi ndani ya siku chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo ushahidi wake kwa binadamu umekamilika. Aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B yuko hatarini zaidi.

Sasa tuje kwetu. Watu hudhani habari hii ilianza 2004. La. Mwaka 1973 ulichapishwa utafiti uliofanywa Murang'a, kaunti inayopakana na yetu. Watafiti walichukua vyakula vya watu vikiwa tayari kuliwa, wakarudia kwa miezi mingi, katika maeneo ya juu, ya kati na ya chini, wakapima sumukuvu, kisha wakalinganisha na visa vya saratani ya ini. Kadiri ulivyoteremka kwenda kwenye joto, ndivyo sumu ilivyozidi kwenye chakula, na ndivyo saratani ilivyozidi. Fikiria hilo. Walipima sahani. Hawakwenda bandarini wala mpakani wala kwenye rafu ya duka, walikwenda kwenye chakula anachotia mtu mdomoni. Na jibu lilikuwa linatuhusu sisi wa nyanda za chini moja kwa moja.

Miaka minane baadaye, 1981, ikatokea hapa Machakos. Wilaya wakati huo ilikuwa kubwa, Makueni ilikuwa bado ndani yake. Ndio mwaka bwawa la Masinga lilipoanza kazi, kwa hiyo ukimuuliza mtu wa huku historia ya 1981 atakuambia habari za bwawa na stima, ambayo kwa njia ilipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwingine, lakini huo ni uzi wa siku nyingine. Katika miezi ileile ya kwanza hadi katikati ya mwaka, njiwa walianza kufa. Kisha mbwa. Kisha watu. Waliofika hospitalini wakiwa na macho ya njano na tumbo lililojaa maji walikuwa 20, na 12 kati yao wakafa. Mahindi waliyokuwa wakila yalipopimwa yalikutwa na hadi miligramu 12 za sumu kwa kila kilo.

Hiyo namba tuifafanue, maana kwenye mijadala watu hutupiana "ppb" kama vile kila mtu anajua. Ni sehemu kwa bilioni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni ppb 10 kwa sumukuvu zote za aina hii. Maana yake ni gramu 1 ya sumu iliyotawanyika kwenye tani 100 za mahindi, yaani magunia zaidi ya 1,100 ya kilo tisini. Mahindi yale mabaya zaidi ya 1981 yalikuwa na ppb 12,000. Hapo gramu 1 inapatikana ndani ya gunia moja, na gunia lenyewe halijajaa.

Na kipimo cha kwanza kilikuwa njiwa. Nasema hivi bila utani. Hakukuwa na ofisi iliyojua, hakukuwa na maabara iliyopiga kengele. Ndege waliokula punje zilezile walikufa mbele ya macho ya watu, na hakuna aliyekuwa na kazi ya kuuliza kwa nini.

Twende 2004, maana huko ndiko madhara makubwa yalikotokea. Msimu ulikuwa mbaya, chakula kilikuwa haba. Mvua ikaja wakati usiofaa, mahindi yakiwa yanavunwa. Watu walivuna mapema, mengine yakiwa bado na unyevu, na wakayaingiza ndani ya nyumba badala ya kuyaacha kwenye ghala la nje, ile tunayoita ikumbi. Kwa nini ndani? Njaa ikiwepo, ikumbi ya nje inaibiwa. Ni hivyo tu. Mtu alilala na mahindi yake chumbani, chini sakafuni, yakiwa mabichi, kwa sababu ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Joto, unyevu, hewa haipiti. Kuvu haikuhitaji zaidi ya hapo.

Kufikia Julai 20 mwaka huo zilikuwa zimehesabiwa kesi 317, na waliokufa ni 125. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi, lakini Machakos na Thika pia zilikuwemo. Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa kutoka Marekani walikwenda vijijini, wakalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wazima wa vijiji hivyohivyo. Mahindi yaliyolimwa nyumbani kwa wagonjwa yalikuwa na wastani wa takriban ppb 354. Ya wale wazima, 44.

Rudia hiyo namba ya pili. Wale ambao hawakuugua, wale tuliosema wamepona, walikuwa wanakula mahindi yenye zaidi ya mara mbili ya kiwango kilichoruhusiwa wakati ule, ambacho kilikuwa 20, na zaidi ya mara nne ya kiwango cha leo. Hao hawako kwenye hesabu ya 317. Ini la mtu halipigi kelele mapema.

Walipima sokoni pia, sampuli 350 kutoka masoko 65. Asilimia 55 zilizidi ppb 20. Asilimia 35 zilizidi 100. Asilimia 7 zilizidi 1,000. Kwa hiyo ni kweli soko lilikuwa chafu, ila sehemu kubwa ya kilichouzwa ilikuwa ya palepale. Maafisa wa afya walizunguka, wakakamata chakula kibovu wakakiharibu, na familia zikapewa kingine badala yake. Hiyo ilikuwa kazi nzuri, tuseme ukweli. Ni mara chache sana mtu amekuja kuchukua gunia bovu la Mkamba akamwachia zuri.

Sasa yule anayesema "hawajui kukausha". Mwaka 2007 watafiti waliochunguza kuvu iliyotoka kwenye mahindi yale waligundua kwamba aina iliyotawala maeneo yaliyoathirika, wanayoiita aina S, ni ile inayotoa sumu nyingi kuliko kawaida. Yaani shamba lenyewe lilikuwa na adui mbaya kuliko mashamba mengine. Mahindi yakipata kiu wakati wa kubeba, kuvu inaingia yakiwa bado shambani, kabla hata hujayagusa. Kukausha ni muhimu, sikatai, mimi mwenyewe nimenunua maturubai. Lakini kumwambia mtu wa nyanda kame kwamba sumu ni uvivu wake ni kumtukana bila sababu.

Baada ya 2004 ungetarajia kipimo kiende wapi? Kijijini, si ndiyo? Kwa sababu waliokufa walikula walichovuna wenyewe.

Kilikwenda kwenye pakiti. Kiwango kikashushwa kutoka 20 hadi 10. Mwaka 2012 sheria ikalazimisha unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe vitamini A, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki. Kwa hiyo unga wa pakiti sasa unatakiwa kupimwa pande mbili: kama una kile kinachojenga mwili, na kama hauna kile kinachoua. Novemba 2019 Shirika la Viwango, KEBS, likapiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi kwa ajili ya sumukuvu, na nchi nzima ikazungumza wiki mbili. Watu wa mjini wakapiga picha za rafu tupu.

Huku kwetu wengi hatununui pakiti kila wiki. Tunabeba debe hadi kwenye kisiagi, tunalipa, tunarudi na unga wa moto. Mwenye kisiagi haongezi vitamini na hapimi sumu, na sheria ya pakiti haimgusi kwa sababu hana pakiti. Kile kipimo cha faida na kile cha hatari vyote viwili vimepita juu yetu, kama zile nyaya za stima.

Kisha kikaenda mpakani. Machi 5, 2021 mamlaka ya kilimo, AFA, iliandika barua ya kusimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama. Baada ya siku tano zuio likaondolewa, kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uje na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi ppb 10. Mtandaoni mlipigana sana wiki hiyo, nakumbuka. Nusu yenu mlisema ni afya, nusu mkasema ni biashara, kulinda bei ya mkulima wa hapa. Kwangu mimi hakuna haja ya kuchagua, mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye barua moja. Tanzania nao wana shida hii kweli. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilipata wagonjwa 68 na 20 wakafa. Ila tukisema sumu inatoka nje tunawasahau wafu wetu. Wale wa 1981 na wa 2004 hawakula mahindi yaliyovuka mpaka wowote. Hayakuvuka hata barabara.

Mtu atauliza, sasa si tupime kila gunia? Hebu tuone kipimo kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo wanasiasa wa pande zote hutoa ahadi nyepesi. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia kama sukari kwenye chai. Punje chache zinaweza kubeba sumu yote, na maelfu yaliyobaki yakawa safi. Ukichoma bambo mara moja pembeni, unaweza kukosa zile punje ukasema gunia ni salama, ama ukazipata kwa bahati mbaya ukasema lote ni sumu. Njia ya haki ni kuchukua kutoka sehemu nyingi, juu, katikati, chini, kuchanganya, kusaga zote pamoja, ndipo uchukue kidogo cha kupima. Hiyo ni kazi, na ina gharama isiyolingana na mtu mwenye magunia matatu. Kile kiganja kimoja alichochukua mnunuzi wa mama hakikuweza kusema chochote cha uhakika kuhusu gunia moja, sembuse matatu. Na bado hata kama alikosea njia, huenda alikuwa sahihi kwenye jibu. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kuna mambo yamefanyika, tusiwe watu wa kulia tu. Mwaka 2015 Kenya iliidhinisha Aflasafe, ambayo ni kuvu ya jamii ileile isipokuwa haina uwezo wa kutengeneza sumu. Inabebwa kwenye punje za mtama zilizopakwa rangi ya buluu, unazimwaga shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua, na ile isiyo na sumu inawahi nafasi kabla ya ile mbaya. Inatengenezwa hapahapa Machakos, kwenye kituo cha KALRO Katumani. Ukisikia ahadi ya "teknolojia mpya kutoka ng'ambo" wakati wa kampeni, kumbuka Katumani iko kando ya barabara ya kwenda Wote.

Na kuna muthokoi. Hili nalipenda. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya kupima kinachotokea mahindi yakikobolewa kuwa muthokoi, chakula cha nyanya zetu, kinu na mchi. Kukoboa peke yake kulipunguza sumukuvu kwa asilimia 46.6 kwa wastani, ingawa sampuli nyingine zilipungua kidogo sana na nyingine zaidi ya nusu. Kuloweka na kuchemsha kwa magadi kukapunguza zaidi. Msikimbie na hiyo habari kama wale wanaouza dawa za mitishamba. Ukianza na ppb 354, nusu yake bado ni 177, na 177 ni sumu. Tena kile kiini na ganda vinavyotolewa ndivyo vyenye vitamini nyingi, kwa hiyo unapoteza faida ukikimbia hatari. Na makapi yanakwenda wapi? Kwa kuku na ng'ombe.

Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake inageuka kuwa aina nyingine iitwayo M1 na kutoka na maziwa. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu 0.5 kwa bilioni kwenye maziwa, Ulaya wanaruhusu 0.05 tu. Kwa hiyo ile hekima ya "mahindi mabovu mpe ng'ombe" inarudi mezani kwenye kikombe cha chai, na mnywaji mkubwa wa maziwa nyumbani ni mtoto.

Swali la kisiasa hasa, basi, ni kazi ya nani. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne linaweka kilimo na huduma za afya mikononi mwa kaunti, lakini viwango viko kwa serikali ya kitaifa. Ndiyo maana ukiuliza kaunti unaambiwa nenda KEBS, na ukiuliza juu unaambiwa kilimo kimegatuliwa. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja anasoma mstari wake. Lakini gunia lililoshindwa kipimo halina mstari. Sheria inasema lisiuzwe. Haisemi nani analichukua, wala mwenye nalo anakula nini hadi msimu ujao. Mwaka 2004 kulikuwa na mtu wa kulichukua na kuacha jingine, kwa sababu maiti zilikuwa tayari zimehesabiwa.

Kwa hiyo mgombea akija barazani hapa na kusema chakula kimepimwa, mimi nitamuuliza ni chakula cha nani, na kilichoshindwa kilikwenda wapi. Akisema ataleta mashine za kupima, nitamuuliza kama ataleta na mahindi ya kubadilisha.

Mmeniuliza kwenye ujumbe wa ndani tulifanyia nini yale magunia matatu. Baada ya ile ngima ya usiku wa kwanza nilimwambia mama tuyamwage. Akaniangalia. Akaniuliza kama nina pesa za kununua mengine, na wakati ule sikuwa nazo. Tulimwaga gunia moja, lile lililochomwa bambo, kwenye shimo nyuma ya zizi, na nikafunika kwa udongo ili kuku wasifukue. Mengine mawili mama aliyapepeta na kuchagua punje kwa mkono, akayakoboa muthokoi, na makapi akayachoma. Tuliyala hadi mwezi wa saba. Msimu uliofuata nilituma pesa za maturubai. Na mama alipokwenda tena kwa mnunuzi yuleyule alibeba kalamu na daftari, akamwambia aandike namba.

Aliandika. Ilikuwa 6.